Siku sita za mafunzo ya uigizaji Kisumu: nilicholipa na nilichopata

Nililipa shilingi 9,000 kwa awamu mbili, 5,000 siku ya kujiandikisha na 4,000 kabla ya wikendi ya mwisho. Kwa pesa hizo nilipata siku sita za mafunzo, Jumamosi na Jumapili kwa majuma matatu ya Agosti, katika ukumbi wa kukodi mtaani Milimani, Kisumu. Tulikuwa kumi na wanne. Tangazo lilisema mafunzo ni ya waigizaji wanaotaka kujifunza kufanya kazi na waelekezi, wa jukwaani na wa filamu. Sitakitaja kikundi kilichoyaandaa kwa kuwa malalamiko yangu nimeshawapelekea wenyewe, na walioko kwenye sanaa hapa Kisumu watakijua bila mimi kukitaja.

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: nenda, hasa kama umeigiza miaka mingi na hujawahi kuketi na mwelekezi akakuuliza swali. Lakini kama unaenda kwa ajili ya kamera peke yake, soma mpaka mwisho kwanza.

Mimi ni mtu wa Luanda, kaunti ya Vihiga. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiigiza vitabu teule, vile vya fasihi wanavyotahiniwa wanafunzi, katika shule za upili, kuanzia kwetu hadi Siaya, Busia na Kakamega. Anayeijua kazi hiyo anajua ilivyo. Mnafika shuleni saa mbili asubuhi, jukwaa ni meza za bwalo zilizosukumwa pamoja, taa ni jua la dirishani, maikrofoni hakuna. Mbele yenu kuna wanafunzi mia nne, mia sita, na nyuma yao wapishi wanapakua uji. Sauti yako isipofika kwa yule aliyeketi karibu na mlango wa jikoni, hujafanya kazi. Mkimaliza mnapanda gari kwenda shule ya pili. Malipo yangu ni shilingi 750 kwa onyesho, kwa hiyo 9,000 ni maonyesho kumi na mawili. Nilifikiria sana kabla ya kuzitoa.

Katika kazi hiyo mwelekezi hana muda. Tamthilia nzima tunaifanyia mazoezi siku nne au tano. Kwa hiyo yeye huinuka, akasema mstari mwenyewe, akakuonyesha mkono unainuliwa wapi na sauti inapanda wapi, nawe ukaiga. Ndivyo nilivyofundishwa tangu nikiwa msichana wa tamasha za maigizo za shule, zile zilizoanza 1959 na ambazo karibu kila mwigizaji wa upande huu wa nchi amepitia. Mwalimu wetu alituonyesha, tukaiga, tukafika mkoa. Simlaumu. Alinipa ujasiri na pumzi, na pumzi hiyo bado naitumia.

Kilichonipeleka Kisumu ni jambo lililotokea miaka miwili iliyopita. Nilipata nafasi ndogo katika mchezo wa televisheni, mama aliyeketi kwenye benchi la hospitali, mistari mitatu. Mwelekezi alikuwa chumba cha pili akitazama skrini, nami nilimsikia tu. Nilisema mistari yangu. Akasema, "Tena." Nikaongeza sauti. "Tena." Nikaongeza machozi. "Tena." Mara kumi na moja, na hakuna mtu aliyeniambia nimekosea wapi, nami sikujua kwamba nina ruhusa ya kuuliza. Mchezo ulipotoka, mstari mmoja tu ulikuwa umebaki, na katika huo nilionekana kwa nyuma. Swali la kilichokosekana nimelibeba miaka miwili.

Basi nikaenda. Matatu kutoka Luanda, Maseno, unavuka Ikweta, Kisian, Otonglo, Kisumu. Tuktuk hadi Milimani.

Siku ya kwanza hatukuigiza kabisa, na vijana wengine walinung'unika. Mwalimu (ndivyo sote tulivyomwita) ni mzee aliyepita miaka sitini, anazungumza polepole, Kiswahili chake kimechanganyika na Kijaluo kama cha watu wa Kisumu wote. Alituketisha kwenye meza ndefu na kutusomesha kurasa tatu kwa saa nne. Kila mstari alikuwa na maswali yaleyale: huyu anataka nini kwa aliye mbele yake? Nini kinamzuia? Ametoka wapi dakika hii, kabla hatujamwona? Alituambia maswali hayo yana mzizi kwa Konstantin Stanislavski, mwelekezi Mrusi aliyefariki 1938, ambaye katika miaka yake ya mwisho alikazia sana vitendo vya mwili, kwa sababu hisia haziamrishwi. Unaweza kumwamuru mtu afunge mlango. Huwezi kumwamuru ahuzunike.

Alituonyesha pia kwamba maneno ya mtunzi huficha. Alitoa mfano wa Kafira, nchi aliyoibuni mwandishi wa tamthilia Francis Imbuga, akatuambia tupange herufi zake upya. Kijana mmoja alipata jibu mbele yetu wote: Afrika. Imbuga ni mtu wa Maragoli, wa kaunti yangu, na jina hilo nimelisikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kuligeuza herufi kwa herufi. Nilifurahi mpaka nikamwandikia dada yangu ujumbe tukiwa bado mezani.

Siku ya pili ndiyo iliyonirudishia pesa zangu zote.

Mwalimu alikuwa ameandika kipande kifupi, ukurasa mmoja na nusu. Mama anampa mwanawe nauli ya kwenda Nairobi kutafuta kazi. Ameuza kuku wawili kuipata. Mwana anajua kuku wameuzwa, ila mama hajui kwamba anajua. Nilipewa mama. Mwana alikuwa kijana wa Nyalenda wa miaka ishirini na miwili, aliyeniita anti tangu saa ya kwanza.

Nilianza kulia kwenye mstari wa pili. Kulia najua, ndiyo sifa yangu katika kikundi chetu, wasichana wa kidato cha nne hulia pamoja nami. Tulipomaliza, wawili waliokuwa dirishani walipiga makofi. Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Dada, pesa ni ngapi?"

Nikamwambia skripti haijasema.

"Wewe ndiwe uliyeuza kuku. Usipojua wewe, nani atajua?"

Nikafikiri. "Elfu moja na mia nne, Mwalimu."

"Na nauli?"

"Elfu moja na mia tano."

"Basi imepungua mia. Sasa mpe, na umfanye aondoke kabla hajazihesabu. Machozi achana nayo. Hakikisha tu hazihesabu."

Tulikata karatasi za daftari zikawa noti. Nikazikunja, nikamtia mkononi, nikamfunga vidole. Kijana naye alikuwa ameambiwa jambo lake pembeni, bila mimi kusikia: azifungue. Akaanza kufungua mkono. Nikaushika. Nikamwambia gari litamwacha. Akavuta. Nikamgeuza mabega kuelekea mlangoni huku nikimfuta vumbi ambalo halikuwepo kwenye shati lake, niseme nini tena, nikawa namrekebisha kola, chochote kile, ilimradi vidole vyake visifunguke. Mistari ilitoka yenyewe. Sikujua kama sauti yangu ilikuwa juu au chini. Tulipofika mwisho macho yangu yalikuwa yamejaa na sikuwa nimeyaita machozi. Hakuna aliyepiga makofi. Yule kijana alisimama na zile karatasi mkononi, akashindwa kurudi kwenye kiti.

Mwalimu alisema neno moja. "Hapo."

Baadaye, tukinywa chai, alinieleza. Waelekezi wengi, alisema, watakupa neno la hisia kwa sababu ndilo lililo karibu: huzunika, kasirika, changamka, ongeza uchungu. Hawana ubaya, wana haraka. Kazi yako mwigizaji ni kulichukua neno hilo na kuligeuza kichwani liwe kitendo unachomfanyia mwenzako. Mbembeleze. Mfiche. Mpime. Mfukuze. Mwelekezi akisema "ongeza huzuni", wewe jiulize mama huyu anazuia nini kisitokee, kisha uzuie kwa nguvu zaidi. Naye akisema "tena" bila kusema zaidi, una haki ya kumuuliza swali moja: "Nikazie nini?" Si kwa ukali. Swali moja, fupi, kabla taa hazijawashwa tena.

Nilimkumbuka yule mama wa benchi la hospitali. Mara kumi na moja niliongeza machozi, na hata mara moja sikujua alikuwa akimngojea nani pale kwenye benchi.

Siku ya tatu ilikuwa ya jukwaa. Asubuhi ilihusu maigizo ya jukwaa la mjadala, mtindo wa Mbrazili Augusto Boal, ambapo mtazamaji husimamisha mchezo, akapanda, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia yake ya kutatua tatizo. Vijana wa Kondele na Nyalenda wanaujua vizuri, wameufanya sokoni kwenye kampeni za afya, na wao ndio waliotufundisha. Jioni mwenzetu aliyetoka Nakuru, aliyekulia kwenye jukwaa la Nakuru Players Theatre, alitufundisha kutafuta taa. Kwangu mimi wa bwaloni lilikuwa jambo jipya kabisa. Unafumba macho, unasogea taratibu, mpaka unausikia ule ujoto kwenye paji la uso. Ukihisi joto kifuani tu, uso wako uko gizani. Songa nusu hatua.

Wikendi ya kamera ndiyo ngumu kuipima, maana ilikuwa na mema makubwa na upungufu mkubwa pamoja.

Mema kwanza. Nilijifunza kwamba kwenye filamu mtu wa mlango wa jikoni hayupo. Maikrofoni iko shubiri mbili juu ya kichwa chako na kamera iko karibu kuliko mkeo au mumeo anavyokaribia mkizungumza. Mwalimu hakuniambia nipunguze sauti. Aliniambia, "Mwanao yuko hatua moja. Zungumza naye yeye." Sauti ikajishusha. Nilijifunza alama ya utepe sakafuni na jinsi ya kuifikia bila kuitazama, kwa kuhesabu hatua kinyumenyume kutoka kwenye alama hadi ninapoanzia. Nilijifunza pia mwendelezo. Katika picha ya mbali niliinua kikombe kwa mkono wa kulia kwenye neno "nauli". Walipokuja kupiga uso peke yake nikakiinua kwa kushoto, mwanzo wa sentensi. Walituonyesha picha hizo mbili kwenye kompyuta zikiwekwa pamoja: kikombe kinaruka kutoka mkono hadi mkono. Tangu hapo kila kitendo nimekifunga kwenye neno lake, na naandika kwenye skripti: mkono wa kulia, "nauli", meza.

Halafu kuna jambo la mpangilio. Jukwaani unaanza mwanzo na kumaliza mwisho, hasira ya onyesho la tatu imetokana na la pili. Kwenye filamu, uwanja tuliokuwa tumeazimwa ulikuwa wetu hadi saa sita tu, kwa hiyo kuagana kukapigwa asubuhi, na mazungumzo yanayosababisha kuagana huko yakapigwa mchana ndani ya ukumbi. Mwalimu alitufundisha kuandika kikaratasi kwa kila onyesho: dakika iliyopita nimetoka wapi, najua nini, mwili wangu ukoje. Changu kilisomeka: nimetoka sokoni, miguu inauma, kuku wamekwenda, yeye hajui. Nilikisoma kabla ya kila kuanza. Kikaratasi hicho bado kiko kwenye pochi yangu.

Sasa upungufu. Kamera ilikuwa moja kwa watu kumi na wanne. Jumamosi hiyo umeme ulipotea saa tano, na betri iliyokuwa imechajiwa ilikuwa moja. Alasiri ikanyesha, na ukumbi ni wa mabati, kwa hiyo sauti haikurekodika kwa dakika arobaini. Mvua na umeme simlaumu mtu, ila betri ya pili ingenunuliwa. Mtu anayefundisha filamu Kisumu anajua alasiri za huku na anayajua mabati. Nilihesabu: kwa siku mbili za kamera, mimi binafsi nilikuwa mbele yake kwa dakika tisa. Tangazo lilisema "mazoezi ya kina mbele ya kamera". Dakika tisa si za kina.

Pili, saa. Tuliambiwa saa tatu asubuhi. Hatukuanza hata siku moja kabla ya saa nne kasoro dakika kumi. Natoka Luanda saa kumi na mbili na nusu, na mwenzetu mmoja alitoka Bumala kukiwa bado giza. Ukijumlisha siku sita, tulipoteza karibu saa tano za mafunzo tuliyoyalipia.

Tatu, msaidizi wa Mwalimu. Ni kijana mwenye bidii na anajua vifaa, lakini kila Mwalimu alipotoka nje alirudia mtindo uleule tuliokuja kuuacha. Alisimama mbele ya msichana mmoja mwoga, akamsemea mstari mara tano, akamtaka auseme vilevile. Msichana aliuiga, na kile kidogo alichokuwa amekipata asubuhi kikapotea. Nililiona likitokea na nikaumia, maana nilijua anachopoteza. Nilimweleza Mwalimu jioni, akanisikiliza, akaandika.

Nne, na hili ndilo linalonikera zaidi ya yote. Tangazo liliahidi "kuunganishwa na watengenezaji wa filamu". Hakuna aliyekuja, hakuna aliyepigiwa simu. Kwangu si kitu, nina kazi yangu. Lakini vijana wawili waliniambia walikopa karo hiyo kwa sababu ya mstari huo. Naomba uondolewe kwenye tangazo. Mafunzo yenyewe yanatosha kumvuta mtu, na kijana aliyekopa anastahili kujua anachonunua.

Siku ya sita ilikuwa na kipindi ambacho ningependa kiwe siku nzima. Alikuja mwigizaji mwanamke, mzoefu, akazungumza nasi kuhusu mkataba na kuhusu maonyesho ya kuguswa. Alisema sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji kuwa na haki juu ya uigizaji wake uliorekodiwa, kwa hiyo tusitie sahihi karatasi tusiyoisoma eti kwa kuwa gari linangoja. Kuhusu kuguswa alikuwa mkali kwa upole. Onyesho la kubusu au la kupigwa lijadiliwe siku unayopewa skripti, kamwe lisijadiliwe mara ya kwanza mbele ya kamera. Lipangwe hatua kwa hatua kama densi, mkono huu hapa, kisha hapa. Mazoezi yake yafanyike mtu wa tatu akiwepo. Na "hapana" uliyoisema mezani inabaki kuwa hapana uwanjani. Wasichana wa miaka kumi na tisa, ishirini, walikuwa wameinamia daftari zao wakiandika kila neno. Saa moja tu, halafu tukaambiwa muda umekwisha kwa sababu ya kupiga picha za vyeti. Vyeti vingengoja.

Chakula kilikuwa ndani ya bei: chai na mandazi, mchana maharagwe na chapati, na Jumapili ya mwisho ugali, omena na osuga (mnavu) iliyopikwa kwa maziwa, tamu sana. Choo safi. Maji ya kunywa yaliisha siku mbili kati ya sita, na ule ni mji wa joto.

Septemba tulirudi kazini. Katika mazoezi ya kwanza mwelekezi wetu aliinuka, kama kawaida, kunionyesha jinsi ya kumfukuza mume wa mchezo. Nilimngoja amalize, kisha nikamuuliza kwa heshima, "Kaka, huyu mama anataka mume aondoke, au anataka amwombe abaki?" Aliusoma tena ukurasa. Akaketi. Akawauliza wenzangu wanaonaje, na tulilijadili mpaka jua likazama, sisi ambao huwa hatuna muda. Tuliamua anataka aombwe. Kesho yake, katika bwalo la shule moja ya Ugenya, nilimfukuza mume huku nimesimama kati yake na mlango, na nilisikia wanafunzi wa mbele wakiguna kabla sijamaliza sentensi. Sauti yangu ilifika mlango wa jikoni. Pumzi za zamani zipo palepale.

Awamu nyingine ni Novemba, bei ileile. Mwalimu amenihakikishia kwamba betri ya pili imenunuliwa na kwamba kipindi cha mkataba kimeongezwa hadi nusu siku. Kuhusu ule mstari wa tangazo bado sijajibiwa. Kuna msichana katika kikundi chetu, ana miaka ishirini na mmoja, anaiga kila anachoonyeshwa na anakiiga vizuri mno. Nimemlipia zile 5,000 za kwanza. Elfu nne zilizobaki anaziweka mwenyewe, mia mbili kila onyesho.